‘Anayesonga halowi’? Njoo ujaribu Baba Dogo

Kuna video fupi ambayo imenifikia mara tano mwezi huu, kila mara kutoka kwa mtu tofauti. Mzee fulani wa Ulaya, kofia kichwani, anaendesha gari jekundu la zamani, yale ya paa la turubai linalokunjwa nyuma. Paa limekunjwa. Mvua inanyesha. Na mzee mwenyewe amekauka kabisa, anatabasamu kama mtu aliyelipwa mshahara tarehe ishirini. Chini ya video mtu ameandika maneno ya kututia moyo: anayesonga halowi, anayelowa ni anayesimama.

Mara ya mwisho iliingia kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaa, hapa Baba Dogo, na aliyeituma akanitaja kwa jina. “Hii ni yako, bro.” Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Mimi ndiye aliyesimama. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili wa diploma ya uanahabari. Mama alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja hapa mtaani, wakapunguza watu, naye akawa mmoja wao. Karo ikakwama, nami nikakwama. Tangu siku hiyo kila mwenye bando ana ushauri wa kunipa, na ushauri wenyewe ni uleule: ungesonga tu, ungesonga tu.

Basi leo nataka kuijibu hiyo video. Nina haki ya kuijibu, kwa sababu mimi nimewahi kukaa ndani ya gari la aina hiyo, halina paa, mvua ikinyesha. Haikuwa Ulaya. Ilikuwa mwezi wa nne mwaka jana, hapa hapa, kati ya Kariobangi Light Industries, Thika Road na Baba Dogo.

Nianze kwa kukubali kitu kimoja: sayansi ya ile video ni ya kweli. Gari likienda kasi, kioo cha mbele hurusha hewa juu, na hewa hiyo hupita juu ya vichwa vya waliokaa mbele kama paa usiloliona. Matone yanabebwa na upepo huo, yanaangukia nyuma. Kasi inayohitajika hutegemea umbo la gari, kioo kimelala kiasi gani na mvua yenyewe ni kubwa kiasi gani, lakini wenye magari haya huzungumzia takriban kilomita 70 hadi 80 kwa saa. Ukipunguza mwendo, paa la upepo linaporomoka. Ukisimama kabisa, wewe ni ndoo.

Nilijuaje? Baada ya kuacha chuo nilianza kushinda kwenye gereji moja pale Kariobangi Light. Sikuwa fundi. Nilikuwa yule kijana wa kushika tochi, kuosha spea kwa petroli na kutumwa chai. Fundi mwenyewe ni mzee aliyepita miaka sitini, na kazi yake ni magari ambayo makanika wengine wameyakataa. Wenye magari hayo wanaishi upande ule mwingine wa mji. Wakikwama, wanavuka kuja Eastlands kimyakimya, kama watu wanaoenda kwa mganga.

Siku hizo tulikuwa na MGB, gari la Kiingereza la viti viwili lililoundwa kati ya 1962 na 1980. Kenya hairuhusu mtu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, kwa hivyo mengi ya magari haya ya kale unayoyaona Nairobi ni yale yaliyoingia zamani, yakatunzwa, yakarithiwa, yakauzwa kwa mtu mwingine mwenye wazimu uleule. Ukitaka kuyaona yakiwa yamepanga foleni kama maharusi, nenda Ngong Racecourse siku ya Concours d’Elegance, maonyesho yaliyoanza mwaka wa 1970. Mwenye hilo letu alikuwa na ndoto ya kulipeleka huko.

Turubai la paa lilikuwa limeoza, tukalifungua na kulipeleka kwa fundi wa kushona. Gari likabaki wazi. Injini nayo ilikuwa na tabia ya kukohoa ikifika mwendo wa kasi, na huwezi kusikia kikohozi hicho gari likiwa limeegeshwa. Ni lazima litoke.

“Mzee, kuna mvua,” nikamwambia. Wingu lilikuwa limekaa upande wa Kasarani, jeusi kama sufuria ya shule.

“Kijana, hii gari lazima niisikie ikikimbia. Panda.”

Nikapanda. Tukashika Outer Ring, tukapanda hadi Allsops, tukaingia Thika Road kuelekea Githurai. Manyunyu yalitukuta karibu na Roysambu. Nikavuta kofia ya hudi kichwani. Mzee akaniangalia, akacheka, akakanyaga mafuta.

Saa ya mwendo ya gari hilo inahesabu maili. Mshale ulipogusa 50, yaani kilomita 80, mvua ikaacha kutugusa. Sisemi ilipungua. Niliiona ikipiga kioo cha mbele, nikaiona ikimiminika kwenye boneti, lakini pale tulipokaa hapakuwa na tone. Nikainua mkono juu ya kioo, matone yakanichapa kama changarawe. Nikaushusha, kukavu. Nikarudia kama mtoto, mara tatu, mara nne. Watu wa ndani ya mathree walikuwa wametubandikia macho kupitia madirisha yenye ukungu. Mzee hakusema neno. Alikuwa ameinamisha sikio akisikiliza injini, na injini haikukohoa hata mara moja.

Nitasema ukweli: hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu niache chuo nikacheka bila kujilazimisha. Kama video hiyo ingeishia hapo kwenye Thika Road, leo ningekuwa nawasambazia hata nyinyi.

Lakini sisi hatuishi Thika Road. Tunaishi mtaani, na kurudi mtaani unapitia Allsops.

Tuligeuka Githurai tukarudi. Tulipokaribia Allsops mvua ilikuwa imekomaa, na mbele yetu taa nyekundu za breki zilikuwa zimejipanga mpaka macho yanapoishia. Mshale ukashuka kutoka 50 hadi 30, hadi 10, hadi sifuri. Paa letu la upepo likaanguka lote kwa mara moja. Hudi yangu ilijaa maji kama sponji. Mzee alivua kofia yake akaifunika saa za mwendo na mafuta, si kichwa chake.

Makanga wa mathree iliyokuwa kando yetu akatoa kichwa nje. “Buda, paa imebebwa na upepo?” Basi lote likacheka. Kijana aliyekuwa akiuza miavuli kati ya magari akasimama kwetu, akatutazama, akatikisa kichwa na kuendelea. Hata yeye aliona tumepita kiwango cha kusaidiwa na mwavuli.

Mzee akaamua tukate kupitia Baba Dogo tukwepe foleni ya Outer Ring. Kila mtu alikuwa ameamua hivyo hivyo. Na barabara yetu, mnaijua. Mifereji imejaa taka, kwa hivyo maji yakikosa pa kwenda yanakuja barabarani. Gari hilo liko chini sana, ukikaa ndani unaweza kugusa lami kwa mkono. Dimbwi moja tu lilitosha. Maji yakarukia waya za plagi, injini ikakohoa kile kikohozi tulichokuwa tumekitafuta mchana kutwa, ikazima.

Waliotutoa pale ni vijana watatu wa nduthi. Walikuwa wamejikinga chini ya baraza ya duka, wakatoka mvuani wakasukuma, mmoja akiwa na sapatu. Hawakuomba kitu. Mmoja wao aliniuliza tu kama kweli kuna watu hulipa pesa kununua gari lisilo na paa. Nikamwambia wapo. Akasema, “Na mimi niko nayo, tena ya magurudumu mawili.”

Alikuwa anatania, lakini maneno hayo yamenikaa kichwani kuliko ile video.

Fikiria. Kasi ileile inayomkausha mwenye MGB ndiyo inayomchapa mtu wa nduthi. Akienda kilomita 80 mvuani, kila tone linampiga usoni kama jiwe, koti linajaa upepo, na breki zikiwa na maji hazimsikilizi. Kwake kusonga ndiko kulowa. Ndiyo maana mvua ikianza utaona pikipiki kwa makumi zimejipanga chini ya madaraja ya Thika Road. Wenye magari wanalalamika kwamba wanaziba njia, na kweli wanaziba, ni hatari kwao wenyewe. Lakini si wavivu. Wamefanya hesabu.

Tofauti kati ya yule mzee wa video na huyu wa nduthi si bidii, na wala si paa, kwa sababu wote hawana paa. Ni kioo cha mbele. Mmoja ana kitu mbele yake kinachopokea kipigo kwanza. Kuna mwenzangu wa darasani ambaye babake pia alifutwa kazi muhula uleule, lakini mjomba wake akalipa karo iliyobaki. Amemaliza. Ana bidii, simwonei wivu, tulikuwa tunasoma pamoja usiku. Ila mjomba ni kioo cha mbele. Mimi nilikuwa kwenye nduthi.

Halafu kuna barabara yenyewe. Ile video haionyeshi hata gari moja mbele ya yule mzee. Ukitaka kukauka, unahitaji kilomita 80 kwa saa bila kizuizi. Sheria ya Kenya inakuruhusu 50 ndani ya mji. Na mvua ikinyesha Eastlands, hata hiyo 50 ni hadithi. Nauli ya shilingi 50 inageuka 100. Wafanyakazi wa viwandani wanaotoka zamu ya mchana wanatembea, viatu mkononi. Masika ya 2024 yaliua zaidi ya watu 250 kote nchini, na hapa Nairobi Mathare ni miongoni mwa mitaa iliyoumia zaidi. Waliosombwa usiku wakiwa wamelala nyumbani hawakukosa kusonga. Kuwaambia watu wa namna hiyo kwamba anayelowa ni anayesimama ni kukosa adabu.

Najua kuna atakayesema nimechukua video ya kuchekesha nikaifanya siasa. Atasema pia kwamba kuna watu wa Eastlands waliosonga wakafika, na atanitajia majina. Nakubali, wapo, na tunajivunia. Lakini acha nimkumbushe historia ya mashujaa wa kuendesha gari mvuani, kwa sababu Kenya ndiyo yenye historia hiyo kuliko karibu nchi yoyote.

Safari Rally ilianza 1953, na kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka, katikati ya masika, ndiyo sababu dunia nzima iliiogopa. Mwaka wa 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza saba. Mwaka wa 1968, vivyo hivyo: zaidi ya 80 yakaanza, saba yakamaliza. Hao waliokwama kwenye matope walikuwa madereva hodari, wana magari yaliyotayarishwa, wana mafundi wanaowasubiri njiani. Hakuna aliyewaambia kwamba hawakuwa na nia. Kila mtu alijua ni mvua na ni barabara. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, anaheshimiwa mpaka leo, lakini hakuna anayesema wale wengine walikuwa wazembe. Na wazee wetu waliokulia kando ya njia za Safari watakuambia nani aliyekuwa akiyatoa magari kwenye matope: ni wanakijiji, kwa mikono, kama wale vijana wa nduthi.

Mbona basi dereva wa rali akikwama tunamsukuma, na kijana wa mtaa akikwama tunamtumia video?

Sitaki mnielewe vibaya. Sijakaa hapa kujihurumia, na kuna kosa langu ambalo lazima nilitaje. Kosa langu halikuwa kusimama. Lilikuwa kuona haya kusema kwamba nimesimama. Karo ilipokwama nilijificha. Sikuandika barua ya kuahirisha masomo, ingawa chuo changu, kama vyuo vingi, kilikuwa na utaratibu huo. Sikuomba basari ya eneobunge kwa wakati. Niliwadanganya jamaa zangu kwamba tuko likizo, mpaka likizo hiyo ikatimiza mwaka. Nilikuwa nimemeza ule ushauri mzima kwamba anayesimama ni fala, kwa hivyo nikajifanya ninasonga. Injini imezima, nami nimekaa kwenye usukani nikifanya mdomo vruum vruum.

Kama unasoma hii na karo yako imekwama muhula huu, tafadhali usifanye hivyo. Nenda ofisini uandike barua kabla jina lako halijafutwa. Weka nakala. Uliza tarehe za basari, usisubiri kusikia kwa watu. Mwambie mtu mmoja ukweli. Gari likizima kwenye dimbwi, kuendelea kupiga stata ni kumaliza betri. Unashuka, unaita watu, mnasukuma mpaka mahali pakavu, unapangusa waya, ndipo unajaribu tena.

Na wewe mwenye kutuma video, nawe una kazi. Kabla ya kumwambia mtu asonge, angalia mbele yake kuna nini. Wakati mwingine msaada ni elfu moja ya nauli. Wakati mwingine ni kumpigia simu yule diwani mliyempa kura kuhusu mfereji uliozibwa, badala ya kumpiga picha akigawa miavuli. Mtaa wetu hautakauka kwa maneno ya kutia moyo. Utakauka mifereji ikizibuliwa kabla ya mwezi wa tatu, si baada ya mtu kuzama.

Mtauliza gari liliishia wapi. Tulilivuta hadi Kariobangi Light usiku. Kesho yake tulitoa viti, tukang’oa kapeti na zulia la chini yake, tukakuta maji yamekaa sakafuni kiasi cha kuosha vikombe. Kutu huanzia hapo, mahali usipopaona. Siku tatu tuliwasha jiko la makaa ndani ya gereji, milango wazi, tukikausha vitu vya mtu mwingine. Kapeti mbili hazikupona. Mzee alinunua nyingine kwa pesa zake, akalipa na fundi wa kushona, na mwenye gari alipokuja aliambiwa tu kwamba zile za zamani zilikuwa zimechoka.

Hiyo nayo haimo kwenye video. Mtu anapunga mkono, anapita, anatabasamu. Usiku kuna mtu mahali fulani anapangusa viti kwa kitambaa.

Je, ningepanda tena? Kesho asubuhi. Zile dakika chache kati ya Roysambu na Githurai, mvua ikipita juu ya kichwa changu bila kunigusa, sitaziuza. Raha ile haikuwa ya matajiri peke yao, na mzee alinipa bila kunidai. Sina neno na mtu anayefungua paa mvuani. Mwacheni afurahie. Asigeuke tu na kunihubiria kuhusu wanaolowa.

Kwa hivyo bro, ukinitumia tena ile video, sitakasirika. Nitakuuliza swali moja tu: huko anakoelekea huyo mzee, kuna Allsops?